Skopu Niliyoichagua Bila Wewe

Baba yangu,

Nimenunua skopu, kile chombo cha kuchora umeme. Si ile uliyoitaka wewe. Ile uliyoitaka, lile sanduku zito la zamani lenye kioo cha kijani, niliikuta Kariakoo, nikazungusha vitufe vyake kimoja kimoja, kisha nikaiacha palepale juu ya kaunta. Najua ungenuna kidogo. Ungesema, "Mama, chombo chepesi namna hii kitafanya kazi gani?" Halafu ungekichukua, ungekigeuza nyuma kutafuta skrubu, na kabla sijakujibu ungekuwa umeshakifungua.

Hakuna mtu mwingine anayeniita "mama" sasa. Wewe uliniita hivyo kwa sababu ulinipa jina la bibi, Zuhura, na hukuweza kulitamka jina la mzazi wako ovyo ovyo. Wateja wageni walikuwa wakishangaa kumsikia mtu mzima mwenye ndevu akimwambia msichana aliyevaa sare ya shule, "Mama, nishikie waya hapa nichomee." Yule dereva wa lori la korosho alicheka mpaka akakaa chini. Akakuuliza, "Fundi, huyu ndiye aliyekuzaa?" Ukamjibu bila kuinua kichwa, "Ndiye, na hajamaliza kunilea."

Karakana yetu ipo vilevile, pale Kibiti kando ya barabara ya Kilwa, kati ya mama wa chapati na duka la dawa za mikorosho. Malori yakipita, makopo ya skrubu bado yanatetemeka rafuni. Wewe ulifanya kazi katikati ya kelele hizo zote kwa kutumia masikio. Redio ikiletwa hukuifungua haraka. Uliiwasha, ukainamisha kichwa, ukafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. Kisha ukasema, "Spika imechanika pembeni," au, "Kapasita imekauka." Tukifungua, tunakuta hivyo. Mimi nilidhani mafundi wote duniani wanafanya hivyo.

Sijui ni lini hasa sikio lako la kushoto lilianza kuchoka. Niliona tu kwamba ulianza kumgeuzia mteja upande wa kulia, ukawa unaniambia nirudie maneno, ukasingizia malori. Mama alipokuita ukiwa uani, ilibidi aje mpaka mlangoni. Hakuna aliyelisema jambo hilo kwa jina lake. Nyumbani kwetu mambo mazito yalikuwa yanakaa kimya kwanza, kama mgeni ambaye bado hajaulizwa shida yake.

Unaikumbuka siku ya wazazi shuleni? Mwalimu wangu wa fizikia, ambaye sote tunamwita Madam, alitufungulia maabara akatuonyesha osiloskopu ya shule. Wazazi wengine walitazama wakapita. Wewe ulibaki. Madam akakueleza kwamba chombo kile kinachora umeme kwa mstari, na kwamba sauti ikipita kwenye maikrofoni inakuwa umeme, kwa hiyo nayo inachorwa. Akakupa maikrofoni. Ukaishika kwa mikono miwili, ukasema, "Bismillahi," na ule mstari wa kijani uliokuwa umelala ukainuka, ukajikunja, ukalala tena. Ukarudia. Ukasema jina langu, ukasema la mama. Wazazi walikuwa wameshaanza kugawiwa wali nje, na wewe bado uko pale.

Tulipokuwa tunarudi ukaniambia, "Mama, nikiipata ile, hata masikio yakinikimbia, kazi itabaki." Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia likisemwa. Nikatazama viatu vyangu nikiwa natembea, kwa sababu sikujua macho yangu niyaweke wapi.

Basi skopu ikawa mazungumzo yetu. Kila niliporudi kutoka hosteli mwisho wa wiki tulikaa na simu yako tukitazama picha. Wewe ulitaka ya sanduku, kama ile ya shule, kwa hoja yako moja tu kwamba chombo cha kweli lazima kiwe kizito. Mimi nilikuonyesha zile zinazochomekwa kwenye kompyuta, ukaniuliza, "Na kompyuta nitaichomeka kwenye nini, kwenye mwiko wa mama yako?" Tukaona vile vidogo vya kuunganisha mwenyewe, bei yake rahisi kuliko zote. Ukasema hicho ni cha kuchezea mtoto, ingawa uliitazama picha yake muda mrefu. Kulikuwa pia na hizi za kushika mkononi, zenye betri ndani, umbo la simu nene. Ukazipita. "Hizi za maonyesho," ukasema.

Nilimuuliza Madam. Aliniambia kwamba watu wengi hununua namba kubwa zilizoandikwa kwenye boksi, wakati kwa kazi ya sauti namba ndogo zinatosha. Akaniambia nianze kwa kujiuliza chombo kitatumika wapi, halafu ndiyo nitazame bei. Nilikuletea maneno hayo. Ukayafikiria, ukasema, "Kitatumika hapa mezani, kwani kitakwenda wapi?" Hatukufikia mwisho. Tulidhani tuna muda.

Halafu ikaja ile amplifaya ya msikiti wa Mbuchi.

Mzee Mbwana, muadhini wao, aliileta mwenyewe kutoka kule delta, mto unapoingia baharini, imefungwa kwenye kanga na mfuko wa nailoni isipate maji ya chumvi. Alikuwa mtu wa maneno mengi na ndugu yako wa ukoo, kwa hiyo hakukupa nafasi ya kupumua.

"Fundi, mashine hii inanguruma. Mimi nasema Allahu Akbar, yenyewe inasema mmmmm. Watoto wameshanipa jina, wananiita Mzee Boti."

"Inanguruma saa zote?"

"Ikitaka. Alfajiri imetulia kama bibi harusi. Adhuhuri jini limeamka. Mimi nadhani ikipata joto."

Uliichomeka mezani, ukainamisha kichwa. Kimya. Ukageuza sikio la kulia. Kimya. Ukaniita. "Mama, unasikia mngurumo?" Nikasogeza sikio mpaka likagusa kitambaa cha spika. Nikasema, "Sisikii, Baba."

Ulibadilisha kapasita mbili kwa tahadhari, Mzee Mbwana akaondoka nayo. Baada ya muda akairudisha. Inanguruma. Kwa kuwa alisema ni joto, uliitoa nje ukaiweka juani juu ya mkeka, ukakaa kando yake kama mtu anayelinda mpunga usiliwe na kuku. Mama wa chapati akakupigia kelele, "Fundi, itakapoiva tuite!" Ukacheka naye. Amplifaya ilipata joto mpaka haishikiki, na haikutoa mngurumo wowote. Ikaenda tena Mbuchi, ikarudi tena.

Mara ile ya mwisho Mzee Mbwana hakuwa na mzaha. Alisema taratibu, na hilo lilikuwa baya zaidi, "Ndugu yangu, msikiti mzima unasikia. Wewe peke yako ndiye usiyesikia." Alikuwa na watu wawili wa kijijini kwake, nao wakatazama chini.

Walipoondoka uliniita tena. Uliiwasha. Ukaniuliza, "Unasikia?" Nikakwambia, "Sisikii kitu." Ukanishika bega, ukasema, "Zuhura, usinifiche." Ukaniita jina langu, Baba. Nikakuapia kwamba sisikii. Ukatikisa kichwa polepole, ukatabasamu lile tabasamu la kumsamehe mtoto anayesema uongo wa huruma. Nililia hosteli wiki ile yote, kwa sababu nilikuwa nimesema kweli na sikuwa na namna ya kuithibitisha.

Tangu hapo ulianza kuwaelekeza wateja kwa vijana wa stendi. Redio zilizokuwa mezani ulizimaliza moja moja ukitumia mita peke yake. Habari ilishafika kote: fundi amekuwa kiziwi. Nilisikia mpaka shuleni. Amplifaya ukaisukuma pembeni ukaifunika kwa ile kanga yake.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa siku presha ilipokuchukua. Uliondoka asubuhi kwenda hospitali kwa miguu yako, ukisema kichwa kizito, na jioni tuliletewa wewe umefunikwa. Sitaandika zaidi kuhusu siku hiyo. Mkono hautaki.

Mama yumo kwenye eda. Anakaa chumba cha uani, amevaa nyeupe, hatoki. Watu wakija anawapokea vizuri, wakiondoka anakaa palepale akitazama mlango. Mambo yote ya nje yameangukia kwangu na kwa baba mdogo Salumu. Jambo la kwanza alilotuambia mama baada ya tanga kuanuliwa lilikuwa vitu vya watu. "Vilivyo mezani kwake ni amana. Kila kimoja kirudi kwa mwenyewe, kizima au kibovu, asije akasimamishwa navyo mbele ya Mola." Tukavirudisha vyote. Kilichobaki kilikuwa ile amplifaya.

Mirathi ilipogawanywa, baba mdogo alidhani tutauza meza na vifaa na kuweka duka la vocha. Hakusema kwa ubaya. Alisema, "Zuhura anasoma, na fundi hayupo. Tunalinda nini hapa?" Mama akajibu kutoka ndani, nyuma ya pazia, "Zuhura ana fungu lake. Mwulizeni yeye." Nikasema nataka skopu. Baba mdogo akanitazama kana kwamba nimeomba ndege. Nikamweleza kwamba amplifaya lazima irudi Mbuchi, na kabla sijaiacha nataka kuitazama ikiwa kwao, inawaka kwa umeme wao. Hapo ndipo maneno ya Madam yaliponirudia vizuri: kitatumika wapi? Kule msikiti unatumia sola. Sanduku lako la kioo cha kijani ningelichomeka wapi?

Kwa hiyo tulikwenda Kariakoo, mimi na baba mdogo. Ungecheka, Baba. Muuzaji alituwekea mbele skopu ya kung'aa, akasema, "Sista, hii ndiyo habari ya mjini. Chaneli nne, megahezi mia mbili."

Nikamwambia, "Kazi yangu ni ya sauti. Sauti haifiki hata megahezi moja."

"Si ndiyo itakutosha na kubaki!"

Baba mdogo akaingilia, "Hii inashika stesheni za mpira?"

"Mzee, hii si redio."

"Bei yote hiyo, hata mpira haishiki?"

Watu wa duka la pili wakacheka. Nikaomba ile ya mkononi yenye betri ndani. Niliikagua kama ulivyonifundisha kukagua kitu cha dukani: niliiwasha ikiwa haijachomekwa popote, nikatikisa waya zake nione kama mstari unarukaruka, nikagusisha ncha kwenye kile kipini chake cha majaribio. Mstari ukapanda na kushuka kama ngazi, pembe zake zimenyooka. Nikamwuliza muuzaji mwisho wake ni volti ngapi, na kama waya wake una swichi ya kupunguza mara kumi. Akanijibu vizuri, bila kunicheka. Ile ya sanduku ilikuwa rafu ya nyuma. Nilimwomba anishushie. Nilizungusha vitufe vyake kwa ajili yako tu, Baba. Baba mdogo akadhani nabadili mawazo, akaanza kuipigia bei, na ilibidi nimvute mkono.

Mbuchi tulifika wakati maji yamejaa, kwa boti ya mashine iliyopita katikati ya mikoko, amplifaya nimeipakata. Mzee Mbwana alitupokea, akatupa pole, akatuletea pepeta za mpunga mchanga na chai. Hakutarajia kitu. Alisema, "Binti yangu, msijisumbue. Tutaizoea." Nikamwomba aifunge mahali pake kama siku zote.

Ilikuwa kabla ya Adhuhuri, jua kali. Akaiwasha. Na hapo, kwa mara ya kwanza, niliusikia. Mmmmm. Mnene, hauna haya, umejaa msikiti mzima. Niliwaza kwamba labda tulikuwa viziwi sote wawili kule Kibiti, baba na mwana.

Nikatoa skopu. Nikaiweka ncha yake kwenye waya unaoleta umeme kwenye amplifaya, umeme wa betri, ambao mstari wake ungepaswa kulala kama maji ya mtungini. Haukulala. Ulikuwa na meno, mengi, yamepangana sawasawa kama ya msumeno. Baba, amplifaya ilikuwa inakula uchafu. Ilikuwa inautoa kama ilivyoupokea.

Nikamwambia baba mdogo apande akafunike paneli ya sola kwa mkeka. Akauliza kama nina homa. Akapanda. Alipoifunika, meno yakapotea kwenye kioo na mngurumo ukakatika, kama mtu aliyezibwa mdomo. Mzee Mbwana akasema, "Subhanallah. Ifunueni." Ikanguruma. "Ifunikeni." Kimya. Akawa anafanya hivyo kama mtoto, na baba mdogo juu analalamika kwamba bati linamuunguza.

Umeshaelewa kabla sijaandika, najua. Ni kontrola ya sola, kile kisanduku cha ukutani kinachosimamia chaji ya betri. Jua likiwaka inakata na kuunganisha umeme haraka haraka ikichaji betri, na waya mmoja mwembamba mrefu ulikuwa unabeba chaji hiyo na chakula cha amplifaya kwa pamoja. Alfajiri hakuna jua, kwa hiyo bibi harusi ametulia. Mchana jini linaamka. Haikuwa joto hata siku moja. Na wao kila mara walitubebea amplifaya peke yake. Betri ni nzito, boti inaweza kujaa maji, na nani anabeba kontrola iliyopigiliwa ukutani wakati kinachonguruma ni kingine? Sisi kule Kibiti tuliiwasha kwa umeme wa nyumbani, kwa kuwa inapokea wa aina zote mbili. Ilikuwa nzima. Ilikuwa nzima tangu siku ya kwanza.

Niliipa amplifaya waya zake yenyewe, fupi na nene, moja kwa moja kutoka kwenye betri, nikaiongezea kapasita kubwa mlangoni mwake. Nilirudisha ncha ya skopu. Mstari ukalala. Mzee Mbwana akaadhini Alasiri jua likiwa bado kali, na nilimsikia akivuta pumzi kati ya maneno.

Baada ya swala hakuwaacha watu watawanyike. Mimi nilikuwa nje na wanawake, lakini spika ilikuwa bado inawaka, kwa hiyo kijiji kizima kilisikia. Alisema, "Jamani, yule fundi wa Kibiti tulimsema vibaya. Mimi wa kwanza. Alituambia haisikii ikinguruma, na kweli kwake haikuwa inanguruma. Masikio yake yalikuwa sahihi kuliko yetu. Tumwombee." Nikasikia wanaume wengi wakisema amina. Baba mdogo alitoka amejifuta uso kwa kofia yake, akaniambia ni jasho la bati.

Nilifurahi, Baba, na palepale furaha ikanigeuka. Mtu pekee niliyetaka alisikie tangazo lile hakuwepo. Uliondoka ukiamini kwamba umekwisha, kwamba mwanao anakudanganya kwa kukuhurumia. Ningefanya lolote nikupate kwa kitambo kidogo tu, nikuonyeshe mstari ule wenye meno, usiseme kitu, uchukue tu skopu yangu ya maonyesho uitazame. Naongea nawe kila siku kichwani lakini si sawa. Hunijibu kwa utani wako.

Hivyo naiandika hapa wazi, wasome na wale waliokucheka. Sikio lako la kushoto lilikuwa limechoka, ndiyo. La kulia halikukukosea. Uliposema kimya, palikuwa kimya.

Karakana sitaiuza. Nitaifungua likizo, na Madam amesema nikifaulu kidato cha nne yeye mwenyewe ataniandikia barua ya chuo cha ufundi. Baba mdogo ameacha habari ya vocha. Anawaambia watu stendi kwamba tuna mashine inayoona sauti, na akiulizwa kama inashika mpira anasema inajifunza.

Nilipomweleza mama, aliweka mkono kwenye mdomo. Kisha akaniuliza jambo moja tu: mchana, jua likiwa utosini, inasikika safi kabisa? Nikamwambia safi kabisa. Akasema eda ikiisha, safari yake ya kwanza itakuwa Mbuchi. Hataki kumwona mtu wala kuzungumza. Anataka kukaa kivulini Adhuhuri, asikie. Nitampeleka mimi.

Mola akupe nuru huko uliko na akupanulie mahali pako. Pumzika, Baba.

Ni mimi binti yako, uliyekuwa ukiniita mama,
Zuhura